Mlifuta bodaboda, mkabaki na Eldoret gani?

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehama mji. Sijahama. Kulikuwa na programu ya mteja iliyokataa kufanya kazi kila mwisho wa mwezi, nayo ikanila usiku na mchana. Tuachane na hayo. Leo nimerudi na jambo linalonikereketa, na nitalisema lote.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa nne alikuja kwenye meza yangu hapa mjini akiwa na kipakatalishi chake. Anasoma katika chuo kimoja cha eneo hili (sitakitaja, na mtaona kwa nini). Mradi wake wa kumalizia masomo ni kuiga kwa kompyuta jinsi magari yanayojiendesha yatakavyobadilisha msongamano wa Eldoret. Alitaka nimsaidie kuharakisha msimbo wake wa Python. Akafungua kipakatalishi. Ramani ya Uganda Road ikatokea, na juu yake pembetatu ndogo za njano zikiteleza kwa adabu kama watoto wa shule kwenye gwaride.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba zilikuwa zinaendesha upande wa kulia wa barabara. Nikamwambia, "Umetupeleka Kongo." Akacheka, akasahihisha papo hapo, maana ni neno moja tu la kuongeza unapobadilisha ramani. Jambo la pili lilichukua muda. Nilitafuta matatu, sikuona. Nikatafuta bodaboda, hakuna hata moja. Nikauliza habari za mikokoteni.

"Kaka, hizo zote nilizitoa," akasema. "Msimamizi wangu alisema zinaharibu matokeo."

Ndugu msomaji, nimelala na sentensi hiyo siku saba.

Kabla sijasema ninachofikiri, nikuambie watu waliokuwa wamesimama nyuma yetu walisema nini. Mmoja, jirani yangu wa ofisi, alicheka hadi akashika ukuta: "Magari yanayojiendesha Eldoret? Haya yenye madereva yenyewe yanatushinda!" Mwingine alimpigia kijana makofi, akasema huyu ndiye atakayetuletea teknolojia ya Wazungu. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Aliyecheka amekosea kwa sababu utafiti huu una maana kubwa hata kama gari lisilo na dereva halitafika hapa kwa miaka mingi. Aliyepiga makofi amekosea kwa sababu utafiti ulivyofanywa haukuwa unahusu Eldoret.

Nianze na aliyecheka. Chukua bao. Upande mmoja wa mchezaji una safu mbili za mashimo manane, jumla 16. Yazungushe kichwani mwako yawe barabara ya duara, na kila shimo liwe na nafasi ya gari moja. Weka kete 5, kila moja ikiwa na mashimo mawili matupu mbele yake, isipokuwa moja ya nyuma itakayokuwa na mashimo matatu, kwa kuwa 5 mara 3 ni 15 na shimo moja linabaki. Sasa zisogeze zote kwa pamoja, mashimo mawili kila zamu. Zitazunguka hadi kesho bila kugusana.

Kisha acha kete moja izubae. Dereva amejibu simu, au ameona mtu anayemfahamu kando ya barabara. Kwa zamu moja tu inasogea shimo 1 badala ya 2. Zamu inayofuata yeye mwenyewe amesharudia mwendo wake, lakini aliye nyuma yake sasa ana shimo moja tu mbele, hivyo lazima apunguze. Zamu inayofuata tena, anayepunguza ni aliye nyuma ya huyo. Kosa la mtu mmoja linatembea kwenda nyuma, kutoka gari hadi gari, ilhali aliyelianzisha ameshaenda zake na hajui kitu. Endelea kuhesabu. Likifika kwa ile kete yenye shimo la ziada, kosa linakufa. Kete hiyo haihitaji kupunguza mwendo, kwa sababu nafasi yake ya ziada imelimeza. Jaribu nyumbani leo jioni, hata kwa punje za maharagwe kwenye karatasi.

Mchezo huu sikuubuni mimi. Mwaka 1992 wanafizikia wawili wa Ujerumani, Kai Nagel na Michael Schreckenberg, waliandika kanuni nne: ongeza mwendo hadi kikomo, punguza ukikaribia aliye mbele, mara moja moja uzubae bila sababu, kisha sogea. Kwao shimo moja lilikuwa mita 7.5 za barabara na zamu moja ilikuwa sekunde 1. Kwa hiyo kete zetu za mashimo mawili zilikuwa zikienda kilomita 54 kwa saa. Kwa kanuni hizo nne tu, misongamano inazaliwa yenyewe, bila ajali na bila askari wa trafiki kusimamisha mtu. Ukiongeza kete ya sita kwenye bao lako utaona jambo jingine: 6 mara 3 ni 18, na mashimo ni 16. Hapo hata kila dereva akiwa malaika, lazima mtu apunguze.

Mtasema huo ni mchezo. Haya, mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha jaribio la magari halisi. Waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230 na kuwaambia madereva waende kwa mwendo mmoja tu. Hapakuwa na taa za barabarani, mashimo wala njia panda. Baada ya muda mfupi msongamano ukazuka, na ukawa unarudi nyuma kama wimbi huku magari yakisonga mbele. Miaka kadhaa baadaye, kule Tucson, Arizona, watafiti walirudia duara kama hilo, lakini gari moja kati ya yale 20 na zaidi walilipa kompyuta iliendeshe. Gari hilo halikukimbia kufunga pengo. Lilishika mwendo wa wastani na kuacha nafasi mbele yake, mithili ya kete yetu yenye shimo la ziada. Mawimbi yakatulia. Matokeo yalichapishwa 2018, na matumizi ya mafuta ya magari yote kwa jumla yalipungua kwa hadi asilimia 40. Gari moja tu!

Watu wa Eldoret hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Tarehe 12 Oktoba 2019 mji huu wote ulisimama mbele ya televisheni kumtazama Eliud Kipchoge, anayefanyia mazoezi Kaptagat karibu nasi hapa, akikimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbele yake kulikuwa na gari likimulika mistari barabarani, na wadhibiti kasi wakiifuata mistari hiyo kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Hakuna aliyeruka mbele ghafla, hakuna aliyezubaa. Kila mkimbiaji wa Iten anajua kwamba kikundi kinachovutavuta kinachosha watu kabla ya kilomita ya 30. Barabara nayo ni hivyo hivyo.

Tena hii si mara ya kwanza kwa Kenya kumpokonya dereva sehemu ya kazi yake na kuipa mashine. Sheria za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kufungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kile kidude ni mjomba wa mbali wa gari linalojiendesha: mashine inayomwambia mguu wa dereva "hapana". Jirani zetu wa Kongo nao mwaka 2013 walisimamisha roboti za alumini zinazotumia nguvu za jua katika njia panda za Kinshasa, kazi ya mhandisi Thérèse Izay na wenzake, na baadaye Lubumbashi ikapata zake. Walitazama barabara yao wenyewe kwanza, wakaona shida yao ni nini, ndipo wakachomelea chuma. Kwa hiyo anayecheka kwamba mambo haya si yetu, acheke polepole.

Sasa nimgeukie aliyepiga makofi.

Kwanza, si kila gari lenye kompyuta linatuliza barabara. Watafiti wa Marekani walipima magari 7 ya kawaida ya dukani yenye mfumo wa kumfuata aliye mbele bila dereva kukanyaga, wakakuta yote 7 yanalikuza wimbi badala ya kulimeza. Yaani aliye mbele akipunguza kidogo, yeye anapunguza zaidi, na wa nyuma yake zaidi tena. Na mwaka 2022 magari ya kampuni ya Cruise yasiyo na madereva yalikwama kwa pamoja barabarani San Francisco na kuziba njia, bila mtu wa kumpigia honi. Kampuni hiyo ilisimamishiwa kibali cha California Oktoba 2023, na Desemba 2024 mmiliki wake, General Motors, akaacha kuigharamia biashara ya teksi zisizo na madereva. Kilichosaidia Arizona ni tabia ya gari: kushika mwendo na kuacha nafasi. Tabia hiyo hata dereva wa kibinadamu anaweza kufundishwa.

Pili, na hapa ndipo penye kidonda changu, mwanafunzi wetu hakuiga madereva wa Eldoret. Aliwaiga madereva waliokuja ndani ya programu. Anatumia SUMO, programu huria ambayo Kituo cha Anga cha Ujerumani kilianza kuijenga mwaka 2001. Ni programu nzuri sana na ni ya bure. Nawashauri wote mwipakue. Lakini kama programu yoyote, ina thamani zilizowekwa awali kwa mtu asiyebadilisha chochote. Dereva wa awali wa SUMO ana gari la mita 5. Akisimama anaacha mita 2.5 kati yake na aliye mbele. Akiwa mwendoni anaacha sekunde 1 ya nafasi. Anakaa katikati ya safu yake na hatoki mpaka awe na sababu ya kuhama.

Mita 2.5! Mimi nimeona mita 2.5 zikiachwa kwenye Uganda Road saa kumi na moja jioni. Ndani yake ziliingia bodaboda mbili, mama mwenye beseni la parachichi, na kijana anayeuza chaja za simu.

Kuna thamani nyingine ya awali ambayo inaniuma zaidi. Katika SUMO, gari likikwama sekunde 300 bila kusogea, programu inaliondoa barabarani na kulirusha mbele, kusudi mwigo usikwame wote. Wajerumani hawakuficha jambo hili. Limeandikwa kwenye maelezo, na onyo hutokea kwenye dirisha kila gari linaporushwa. Nikamwomba kijana anionyeshe maonyo yake. Yalikuwa yakimiminika. Magari yaliyokuwa yameshikana kwenye njia panda, yale hasa tunayoyatafuta, yalikuwa yanapotea na kutokea mbele yakiwa salama salimini, halafu wastani wa muda wa safari unahesabiwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Niambie, ni nani kati yetu amewahi kurushwa hewani kutoka kwenye msongamano wa siku ya mvua?

Tatu, duara si mji. Wimbi la Sugiyama na dawa ya Arizona ni habari za barabara ndefu isiyokatizwa. Ukinionyesha faida yake kwenye barabara kuu ya Nakuru kuja Eldoret, pale Timboroa magari yanapojipanga nyuma ya matrela yanayopanda mlima kuelekea Malaba, nitakusikiliza. Wenye haraka wanaovuta na kukanyaga breki nyuma ya trela ndio wanaotengeneza wimbi. Lakini ndani ya mji kinachotushika ni njia panda, mzunguko, steji, na mahali pa kuegesha. Ni ile kete ya sita. Hata uwape magari yote akili ya malaika, matatu itasimama pale abiria alipo.

Na matatu haisimami pale kwa utundu. Madereva wengi wa matatu wana kiasi cha kumpelekea mwenye gari kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Abiria mmoja aliyeachwa kando ya barabara ni hasara ya siku hiyo hiyo. Gari haliondoki steji mpaka lijae, kwa sababu kiti kitupu hakilipi mafuta. Ukiandika jambo hilo kama msimbo ni sheria safi kabisa, yenye mantiki kuliko zile kanuni nne za mwaka 1992. Kinachoitwa "kuharibu matokeo" ni watu wanaotafuta chakula kwa utaratibu ambao yeyote anaweza kuueleza kwa mistari 30 ya Python. Bodaboda nazo SUMO inaziweza. Kuna namna ya kugawanya safu moja ya barabara katika vipande vyembamba ili pikipiki ipite ubavuni mwa gari. Ni kazi zaidi, na kompyuta itaenda polepole zaidi, lakini inawezekana.

Ongeza hili pia. Miaka michache iliyopita watafiti wa California walitaka kujua watu watafanya nini wakiwa na gari linalojiendesha, na kwa kuwa hawakuwa na magari hayo, walizipa familia chache dereva wa bure kwa wiki moja. Washiriki walikuwa 13 tu, kwa hiyo tusiitie chumvi, lakini umbali uliosafirishwa na magari yao uliongezeka kwa asilimia 83. Gari lilitumwa dukani, likatumwa kumchukua rafiki, likarudi tupu. Mwigo wa kijana wetu ulidhani idadi ya safari itabaki ile ile milele. Gari lisilo na dereva halina haja ya kulipia kuegesha mjini. Linaweza kuzunguka tu likikusubiri. Magari tupu yakizunguka Oloo Street ndiyo maendeleo gani hayo?

Sasa mtu atauliza: huu ni mradi wa mwanafunzi tu, kwa nini unapiga kelele? Napiga kelele kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma niliandikia duka moja la hapa programu ya kupanga safari za kupeleka bidhaa. Nilichukua umbali, nikagawa kwa mwendo, nikapata dakika. Ilipendeza sana kwenye skrini. Siku ya tatu mpanda bodaboda aliyekuwa akitumwa nayo alikuja kwangu na karatasi yake ikiwa imelowa. "Mkubwa," akaniambia, "hii mashine yako haijawahi kwenda Langas mvua ikinyesha." Alikuwa amekatwa pesa za kuchelewa kwa siku zote tatu, kwa ushahidi wa programu yangu. Mwenye duka aliiamini kompyuta na kumwona yeye mvivu. Nilirekebisha programu, lakini pesa zake sidhani zilirudi. Tangu siku hiyo, nikiona mwigo wowote, naanza kumtafuta yule mtu ambaye hayumo, kwa sababu ndiye atakayelipa.

Ya pili ni kubwa zaidi. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji. Jiji lina mipango: barabara zipanuliwe wapi, steji zihamishwe wapi, bodaboda zikatazwe mtaa gani, matrela yalazimishwe kutumia mchepuko wa Cheplaskei hadi Maili Tisa au la. Maamuzi hayo hufanywa kwenye mikutano, na kwenye mkutano mtu mwenye picha zinazotembea kwenye skrini humshinda mtu mwenye maneno. Mwanafunzi wa leo ndiye mshauri wa kesho anayelipwa kuleta picha hizo. Akizoea chuoni kwamba bodaboda huharibu matokeo, kesho atauambia mkutano kwamba bodaboda huharibu jiji, na atakuwa na jedwali la kuthibitisha. Hakuna atakayekumbuka kuwa jedwali lilitengenezwa kwa kuzifuta kwanza. Maelfu ya vijana wa Langas, Huruma na Munyaka wanakula kwa pikipiki hizo.

Sisemi utafiti huu uachwe. Nasema ufanywe kwa kuanzia barabarani. Na mfano tunao nyumbani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Marekani, MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila steji na kila njia. Mradi huo uliitwa Digital Matatus. Mwaka 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za Nairobi, na takwimu zake wakaziweka wazi kwa mtu yeyote kuzitumia. Kabla ya hapo watu walisema matatu ni vurugu isiyochoreka. Walipokubali kupanda na kuhesabu, vurugu ikawa mistari ya rangi kwenye karatasi. Hawakuhitaji roboti. Walihitaji simu, nauli na uvumilivu.

Eldoret tunaweza kufanya lile lile kwa gharama ndogo kuliko bei ya kipakatalishi kimoja. Wanafunzi kumi, njia panda moja, saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, siku ya kawaida na siku ya mvua. Mmoja anahesabu matatu, mwingine bodaboda, mwingine matrela, mwingine wanaovuka kwa miguu. Mmoja anapima kwa saa matatu inasimama sekunde ngapi nje ya steji. Mmoja anapiga video kutoka ghorofani ili baadaye tupime nafasi halisi kati ya gari na gari. Namba hizo ziwekwe wazi pamoja na msimbo, ili mwanafunzi wa mwaka ujao asianze tena na dereva wa Ujerumani. Hapo ndipo umwingize gari linalojiendesha, na uulize swali la maana: gari lililofunzwa kuacha nafasi litafanya nini pale ambapo kila nafasi inayoachwa inajazwa na bodaboda? Swali hilo duara la Arizona haliwezi kulijibu, na aliye katika nafasi nzuri ya kulijibu ni mtu anayeishi mahali kama hapa.

Kijana alirudi juzi. Alikuwa amerudisha bodaboda na matatu, na amezima kule kurushwa hewani. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Mwigo wake sasa unakwama kabisa baada ya muda mfupi, mji mzima umesimama, na zile faida za magari yanayojiendesha zimeyeyuka karibu zote. Atawasilisha mradi baada ya wiki tatu. "Kaka," akaniuliza, "nikienda na hii si watanifelisha?"

Sikuweza kumwahidi kitu, kwa sababu simpi alama mimi. Nilimwambia aweke matokeo yote mawili kando kwa kando, ya kabla na ya baada, na aeleze kwa uwazi alifuta nini na kilibadilika nini. Nikamwambia mwigo unaokwama nao unahitaji kuchunguzwa: huenda ameweka bodaboda nyingi kupita kiasi, kwa sababu hana hesabu halisi. Ndiyo maana Jumamosi hii, mvua ipende isipende, mimi na yeye na wenzake wawili tutakuwa pale Uganda Road na madaftari, kuanzia saa moja asubuhi. Ukipita na ukatuona, simama kidogo utusaidie kuhesabu.

Na wasimamizi wa miradi mnaosoma hapa, nawaomba kwa heshima zote. Mwanafunzi akiwaletea mji uliokwama, kabla ya kumwambia afute kitu, muulizeni kama amewahi kusimama pale.